Mashine Iliyoitwa Irudi, Ikaja Mombasa

Kijana anayemtunzia shangazi bustani huko Tudor alikuwa juu ya kistuli, anapogoa ua wa bogenvilia unaotazamana na barabara. Mashine ya umeme ilikuwa mikononi mwake, waya umepitishwa dirishani hadi kwenye soketi ya sebuleni. Tawi la miba likamnasa mkono wa shati. Akaachia mshikio wa mbele ili alibandue, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya bila kufikiri.

Meno hayakusimama.

Mashine za kupogolea ua huundwa zitake mikono miwili. Kuna swichi kwenye mshikio wa nyuma na nyingine kwenye mshikio wa mbele, na ukiachia mmoja tu, meno yanapaswa kutulia papo hapo. Hii iliendelea kunguruma, ikalemea upande kwa uzito wake, ikampitia pajani na kuchana suruali tangu juu ya goti hadi karibu na mfuko. Ngozi haikuguswa. Kijana aliruka chini, akaenda mwenyewe kuchomoa plagi, kisha akaketi kwenye kizingiti cha baraza.

Shangazi alitoka na bilauri ya maji. "Umeumia, mwanangu?"

"La, Mama. Ni suruali tu." Akanywa, akarudisha bilauri, ndipo akasema maneno ambayo yamenikaa kichwani wiki zote hizi. "Hii siku zote iko hivi. Ukishaizoea haina neno."

## Siku zote

Kumbe alikuwa akijua.

Alikuwa ameifanyia kazi mashine ile muda mrefu akijua kwamba haisimami, na akajifunza peke yake namna ya kuishi nayo. Usiachie mkono hata mmoja. Usipande nayo juu sana. Ukitaka kujifuta jasho, chomoa kwanza. Alikuwa amejitungia kanuni za usalama kwa ajili ya kasoro iliyoundwa na mtu mwingine, mbali kabisa na Tudor. Tena alizieleza kwa fahari kidogo, na sikuona sababu ya kumnyang'anya fahari hiyo, kwa kuwa kuimudu mashine kaidi ni ujuzi wa kweli.

Mji wetu umejaa ujuzi wa namna hii. Kuna pasi isiyoshikwa kwa mikono mibichi, feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa kijiti, jokofu ambalo wenyewe hulifungua kwa kitambaa kwa sababu mlango wake unapiga shoti. Dada wa kazi akija mpya, siku yake ya kwanza anaonyeshwa swichi za kugusa na swichi za kuacha, na baada ya wiki naye anawafundisha wageni. Sote tunaelewa tunafikaje hapo. Kununua kipya ni gharama, na cha zamani bado kinafanya kazi.

Lakini ujuzi huo hukaa ndani ya mtu mmoja. Kijana akiugua, nduguye akija kumshikia kazi, mashine itakuwa ileile na ujuzi haupo.

Hilo ndilo lililoninyima raha. Na ndilo lililonifanya, jioni ile, nichukue kitambaa na kuisafisha mashine ubavuni nipate kusoma kibandiko chake.

## Kibandiko

Utomvu wa bogenvilia hukauka ukawa mgumu. Nilipousugua, maandishi yakatokea: jina la kampuni, namba ya modeli, volti 230–240, alama ya mraba ndani ya mraba inayoonyesha kwamba mashine ina kinga mbili za umeme na haihitaji waya wa ardhi, herufi CE, na chini kabisa namba ndefu ya serio, ile inayoitambulisha mashine moja na nyingine. CE, tuambiane ukweli, watu wengi huichukua kama muhuri wa serikali. Kwa bidhaa za aina hii ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata masharti ya Ulaya.

Nikaiandika namba ya modeli kwenye simu.

Tangazo lilitokea mara moja. Lilitoka Uingereza, la miaka kadhaa nyuma. Liliwaambia wenye mashine hiyo waache kuitumia, wachomoe plagi, na waangalie kama namba ya serio imo kati ya mwanzo fulani na mwisho fulani. Sababu iliandikwa kwa sentensi moja: swichi ya mshikio inaweza kung'ang'ania, na meno yakaendelea kukata baada ya mkono kuachia. Kila aliyeinunua angerudishiwa fedha zake zote.

Namba yetu ilikuwamo.

Nilisoma tangazo lile mara nyingi kuliko lilivyohitaji kusomwa. Yaani yaliyotokea kwenye ule ua yalikuwa yameshaandikwa. Kuna mtu, katika nchi nyingine, alikwishajua kwa hakika kwamba meno yale hayatasimama, akayatangaza hadharani. Na wakati huohuo mashine ilikuwa ama ghalani kwa mtu, ama baharini, ama tayari imepangwa rafuni hapa kwetu ikingoja mteja.

Nikajaribu kufuata maelekezo. Namba ya simu ilikuwa ya bure, zile zinazoanza kwa 0800, nayo kutoka laini yangu haikushika. Fomu ya kudai fedha ilikataa kuendelea bila msimbo wa posta wa Uingereza. Nikaandika barua pepe. Nilijibiwa kwa adabu kwamba niwasiliane na duka nililonunulia.

Duka tulilonunulia liko Makupa.

## Namna wenzetu wanavyofanya

Sitaki mtu adhani kwamba huko mambo ni shwari. Nimesoma sana kuhusu kurejeshwa kwa bidhaa, yaani mtengenezaji kuziita zirudi kwa sababu ya kasoro, tangu siku ile, na kilichonishangaza zaidi ni jinsi mfumo wenyewe unavyovuja hata nyumbani kwake.

Marekani wana tume ya usalama wa bidhaa za nyumbani, Consumer Product Safety Commission, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Mtengenezaji, mwagizaji au muuzaji akipata habari kwamba bidhaa yake ina kasoro inayoweza kuleta madhara makubwa, ana saa 24 za kuiarifu tume. Kwa mashine za kukata majani zinazosukumwa kwa mkono, kanuni iliyoanza 1982 inataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mshikio. Sekunde 3 hizo zimetokana na vidole na nyayo za watu walioumia kabla yake.

Hata hivyo, 2007 Black & Decker iliita irudi mashine yake ya kufyekea kwa uzi, GrassHog XP, takriban 200,000, kwa sababu kibweta cha uzi na kifuniko chake viliweza kuchomoka na kurushwa kwa kasi. Ripoti zilikuwa mamia, na watu kadhaa walikuwa wameumia. Miaka minne baadaye, 2011, kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola 960,000 kutokana na madai ya tume kwamba ilichelewa kutoa taarifa. Kampuni kubwa, nchi yenye sheria kali, na bado habari ilisuasua njiani.

Halafu kuna upande wa mnunuzi. Shirika la Electrical Safety First la Uingereza limekuwa likieleza kwamba bidhaa za umeme zikiitwa zirudi, zinazopatikana kwa wastani ni asilimia 10 hadi 20 tu. Watu hawajisajili wanaponunua. Wanahama. Wanaona tangazo wakasema watashughulika kesho.

Nane au tisa katika kila kumi hubaki zilipo.

Hapo nilisimama kusoma. Mashine iliyobaki ghalani kwa mtu haikai humo milele. Mwenyewe anazeeka au anahamia nyumba ndogo, watoto wanasafisha ghala, vitu vinauzwa kwa bei ya kutupa au vinatolewa bure. Anakuja mtu mwenye gari, anavikusanya, vinapakiwa. Kanuni za Uingereza za usalama wa bidhaa za 2005 zinagusa hata vitu vilivyotumika, na Marekani tangu 2008 ni kosa kuuza bidhaa iliyokwisha kuitwa irudi. Lakini sheria hizo zinamtafuta muuzaji mwenye duka na kitabu cha hesabu. Sisemi kwamba mashine zote hizo huja Mombasa. Nasema kwamba moja imekuja, na nimeishika.

## Makupa

Nilikwenda dukani nikiwa nimejiandaa kugombana.

Muuzaji ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kikombe cha kahawa kisichotoka mkononi. Vitu vyake vyote ni ex-UK, yaani vilivyotumika Uingereza, navyo hupangwa kwa jinsi: birika huku, mashine za kusagia huku, vya bustani nyuma karibu na mlango wa choo kwa sababu wateja wake ni wachache. Nikamwonyesha tangazo kwenye simu. Akavaa miwani, akalisoma lote, hata akaniomba nimshushie ukurasa.

"Dada, mimi hununua kwa fungu," akasema. "Kontena likifunguliwa tunagawana. Huyu majokofu, huyu magodoro, mimi vyombo vya umeme. Kikiwaka nauza. Kisipowaka kinakwenda kwa fundi."

"Na namba ya kibandiko, huwa mnaiangalia?"

"Kuiangalia kwa ajili ya nini?" Aliuliza kweli, alitaka kujua. Nikamweleza. Akatikisa kichwa taratibu. "Na hao waliotoa tangazo, watanirudishia mimi?"

Hapana, hawatamrudishia. Wala shangazi. Fedha za kufidia zilitengwa kwa mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, na huyo alikwishaachana na mashine kitambo.

Alijitolea kunipa birika la umeme kama nusu ya fidia. Nikalikataa, kisha shangazi akanituma nilirudie, kwa sababu kukataa kungemvunjia mtu heshima. Kitu kimoja kilinigusa kabla sijaondoka. Alikwenda nyuma, akageuza mashine mbili za kukatia majani zilizobaki, akaanza kusoma vibandiko vyake kwa tochi ya simu. Moja kibandiko kilikuwa kimebanduka, pamebaki gundi nyeusi tu. Akaishika kwa muda, hakujua airudishe rafuni au aiweke chini.

Sikuwa na jibu la kumpa.

KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina mpango wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, nao ulianza 2005. Umesaidia, kwani wenye kumbukumbu wanajua plagi na ekstensheni zilizokuwa zikiuzwa zamani. Lakini ukaguzi huo hupima bidhaa dhidi ya kiwango. Haukuundwa kufuata namba ya serio ya mashine moja iliyotumika, iliyofungwa ndani ya blanketi katikati ya masufuria.

## Kwa fundi

Kwa fundi ndiko nilikobadilika mawazo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fundi wetu ana kibanda Bondeni, chini ya ngazi za jengo la zamani. Amewahi kututengenezea kila kitu, na kila alichokitengeneza kimedumu. Nilimpelekea mashine nikiwa na nia moja tu: aibadilishe swichi, kijana apate chombo chake, mambo yaishe. Alifungua skrubu kwa bisibisi ya nyota, akanyanyua ganda la juu, na mambo ya ndani yakawa wazi: mota, kaboni zake mbili, gia zenye grisi iliyogeuka nyeusi, na swichi mbili ndogo nyeusi, kila moja kwenye mshikio wake, nyaya zake zimelehemiwa kwa ustadi wa kiwandani.

Akaweka ncha za mita kwenye swichi ya mbele. Akaibonyeza: mita ikalia. Akaiachia.

Mita ikaendelea kulia.

"Umeona? Imeshikana." Akaichomoa, akaipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na vibati viwili vya shaba ambavyo hugusana umeme unapopita. Vilikuwa na madoa ya kuungua, na ukingoni vimeota ule ukungu wa kijani tunaoujua sote tunaoishi karibu na bahari. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi haina huruma na shaba. Nikaona afueni kidogo. Labda kosa ni la chumvi. Labda mashine ilikuwa nzima, na Mombasa ndiyo iliyoiharibu, na swichi mpya ingetosha.

Fundi ana kopo la maziwa ya unga lililojaa swichi kutoka mashine zilizokufa. Akaanza kuchambua humo. "Hii itaingia. Mia tano tu, jioni mnakata ua."

Nilikuwa nimeshafungua mkoba.

Kisha akafanya kitu ambacho fundi mzuri hufanya bila kuombwa. Aliiinua ile swichi iliyokufa karibu na macho, akasoma namba zilizochapwa ubavuni. Akageuka kusoma wati kwenye kibandiko cha mashine. Akanyamaza kidogo.

"Hii ni ndogo," akasema. "Mota hii ikianza tu huvuta umeme mwingi. Kila ukiwasha, hapa panapiga cheche. Leo kidogo, kesho kidogo, mwisho vinaungana. Chumvi imeongeza, lakini haikuanza."

"Basi tia kubwa."

Akajaribu. Swichi kubwa haikuingia. Ingebidi akate plastiki ya ndani, na kile kidude kinachoisukuma hakingeifikia, na ukuta mwembamba unaotenga nyaya na mkono wa mtu ungetobolewa. Ukuta huo ndio nusu ya ule mraba ndani ya mraba. Aliigeuza mashine huku na huku, akaiweka mezani.

"Dada, kuifanya isimame leo, naweza. Kuifanya isimame kila siku, hilo siwezi kukuapia."

Nimemsikia fundi huyu akiahidi mambo mengi maishani, na sijawahi kumsikia akikataa kuapa.

Kazi ya fundi ni kukirudisha kitu kilivyokuwa. Tunamsifu kwa hilo: *imerudi kama mpya*. Lakini mashine iliyoitwa irudi kiwandani ilikuwa na kasoro ikiwa mpya, bado ndani ya boksi. Ukiirudisha ilivyokuwa, umeirudishia na kasoro. Mbaya zaidi, sasa mwenye nayo ana imani, kwa sababu imetoka kwa fundi. Yule kijana angeipokea, angeijaribu, ingesimama vizuri, na zile kanuni alizojitungia angeziacha. Angeachia mkono bila wasiwasi, na siku moja cheche zingekuwa zimetosha tena.

Matengenezo ambayo nilikwenda kuyanunua yangeweza kumdhuru kuliko ubovu alioujua.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeendeleza mazungumzo. Alinionyesha betri ya msumeno wa mnyororo aliyoletewa abadilishe seli. Betri za lithiamu nazo huitwa zirudi, mara nyingi kwa hatari ya moto, na kwa nje hazionyeshi chochote. Akasema yeye huletewa, huzifungua, huweka seli nyingine, huzifunga. "Sasa nikifungua kitu ambacho wenyewe walisema kisifunguliwe, nitajuaje? Mimi hakuna anayeniambia." Aliyasema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya bahari. Lakini ni yeye anayefungua. Mashine zote za mji huu, za wenye risiti na za wasio na risiti, mwisho wake hupita katika mikono ya mafundi kama huyu, na orodha ya mashine za hatari haijawahi kupita.

## Unga ulivyofika

Kuna wanaosema sisi hatuna utamaduni wa kurudisha bidhaa. Siafiki.

Novemba 2019 KEBS ilipopiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumukuvu, habari ilifika kila jikoni. Redio zilisema, simu zikasambaza, watu wakasimama madukani wakisoma majina kwenye pakiti. Mwenye duka wa mtaani kwetu aliutoa unga mwenyewe kabla hajaambiwa. Habari ilikuwa na jina, ilikuwa na picha ya pakiti, na ilikuwa kwa lugha tunayozungumza. Ilitosha.

Sheria pia ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anayohitaji ili anufaike nazo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akiumizwa na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ikafuata 2012. Napenda sana kile kipengele cha habari. Kinamaanisha kwamba tangazo linalokaa kwenye tovuti ya nchi nyingine, kwa Kiingereza cha kisheria, na namba ya simu isiyopigika kutoka hapa, halijamfikia mtumiaji wa Tudor.

Ninachotaka si kikubwa. Ofisi ya Uingereza inayosimamia usalama wa bidhaa huchapisha matangazo yake wazi. Umoja wa Ulaya una mfumo wa Safety Gate unaotoa orodha kila wiki. Tume ya Marekani nayo huweka matangazo yake hadharani. Vitu vyetu vya mitumba vinatoka wapi tunajua. Mtu mmoja ofisini, akichagua humo zile aina zinazokuja bandarini Kilindini, akaziandika kwa Kiswahili chepesi na picha ya kibandiko, akazipeleka kwa wauzaji na mafundi, angekuwa amefanya kazi ambayo hakuna maabara inayoweza kuifanya.

## Mashine imekwishaje

Nilipomweleza kijana mambo yote, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Bora mnipe mimi, dada. Kwa panga ua huu unanila siku nzima. Kwa mashine nafanya nyumba tatu."

Sikulala vizuri usiku ule. Ni rahisi kwangu kusema mashine ivunjwe. Mimi sivuki feri kutoka Likoni alfajiri, wala silipwi kwa nyumba. Usalama ninaoudai mimi unatoka mfukoni mwake yeye. Na yeye si mtoto: anajua hatari kuliko mimi, ameishi nayo, na suruali yake ndiyo iliyochanika. Kuna wakati nilijiambia kwamba hiari ni yake.

Aliyekata shauri ni shangazi. "Angekuwa mwanangu wa kuzaa ningempa?" akauliza, na hakungoja jibu langu. Alimwita kijana barazani, akamwambia mashine haitoki mle ndani ikiwa nzima, na kwamba tangu leo ua utakatwa kwa mkasi mkubwa na atalipwa kwa siku, asilipwe kwa kazi, mpaka ipatikane mashine nyingine ambayo namba yake imeangaliwa. Kijana alikubali. Hakufurahi sana, na simlaumu.

Fundi aliukata waya mbele yetu, pale unapoingia kwenye ganda, usiweze kuungwa. Alichukua shaba ya mota na gia. Zile swichi mbili alizivunja kwa nyundo zisije zikaingia kwenye kopo.

## Nitumie picha

Tangu wakati huo fundi ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wenzake wa umeme. Wananitumia picha za vibandiko, nami nawatafutia. Nyingi ni salama. Baadhi si salama, na hizo nawaandikia kwa maneno machache: kasoro ni ipi, iko sehemu gani, inatengenezeka au haitengenezeki. Muuzaji wa Makupa naye hutuma, hasa kontena linapofunguliwa. Ile mashine iliyobanduka kibandiko bado anayo, ameiweka chini.

Nawe kama una mashine ya bustani iliyotumika, ya ua, ya majani, ya kufyekea au msumeno, chomoa plagi au toa betri kwanza, kisha futa vumbi upige picha kibandiko chote. Namba ya modeli na namba ya serio lazima zisomeke, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na mashine salama na zisizo salama, na serio ndiyo inayozitenga. Usisahau kupiga picha plagi yake, maana za Marekani huundwa kwa volti 120 na chaja zake nyingine huungua kwenye 240 zetu. Na kama ni ya betri, piga picha betri na chaja kila moja peke yake, zina namba zake, na mara nyingine kinachoitwa kirudi ni betri tu na mashine yenyewe haina tatizo.